Ombi Moja, Karatasi Moja

Tarehe 4 Novemba 2008, wananchi wa Minnesota, jimbo la Marekani lenye baridi kali lililopakana na Kanada, walikwenda kumchagua rais. Siku hiyo walikuta swali jingine kwenye kura: je, wanakubali katiba ya jimbo irekebishwe na kodi ya mauzo ipandishwe kidogo, ili nyongeza hiyo igawanywe kati ya maji safi, makazi ya wanyamapori, hifadhi na njia za matembezi, na sanaa na utamaduni? Katiba ya Minnesota ina sharti gumu. Marekebisho hayapiti kwa sababu tu ndiyo zimezidi hapana. Lazima ndiyo zivuke nusu ya watu wote waliopiga kura siku hiyo. Mtu aliyemchagua rais wake, akalitazama swali la katiba, akaliruka na kwenda zake, anahesabiwa kuwa amekataa. Uvivu, haraka na kutoelewa, vyote vilikuwa upande wa hapana.

Ongeza na majira yenyewe. Benki ya Lehman Brothers ilikuwa imefilisika wiki saba tu nyuma, watu wanapoteza kazi na nyumba, na wanasiasa wengi hawakutaka hata kusikika wakitaja kodi. Hata hivyo watu zaidi ya milioni 1.6, takriban asilimia 56 ya wote waliopiga kura, walikubali kujitoza wenyewe kwa miaka 25.

Kila ninapoisoma habari hii, akili yangu haikai kwenye siku ya kura. Inarudi kwenye miaka kumi iliyotangulia, kwenye ofisi za wabunge mjini St. Paul, ambako walimu wa muziki, wafinyanzi, viongozi wa kwaya na watunzaji wa makumbusho ya miji midogo waliingia kwa makundi, wakakaa kama robo saa, wakaomba kitu kimoja, wakatoka. Kazi hiyo haina jukwaa wala makofi. Wanaoifanya vizuri hawaandikwi magazetini. Lakini ni ufundi kamili, una kanuni zake na mabingwa wake, na mimi naupenda kuliko nyimbo nyingi zilizoimbwa kwa fedha zake.

Minnesota ina wabunge 201: maseneta 67 na wawakilishi 134. Mwakilishi mmoja ana watu kama 40,000, na katika miji midogo wengi wao anakutana nao dukani na kanisani. Ufundi unaanzia hapo. Chama kiitwacho Minnesota Citizens for the Arts huwaita wapenda sanaa kwenye jengo la Bunge siku moja kila mwaka, na mamia hufika. Swali la kwanza wanaloulizwa ni wanaishi wapi. Mwanamuziki mashuhuri wa Minneapolis hapelekwi kwa mbunge wa wakulima kule magharibi, hata kama ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Anatafutwa mtu wa hukohuko, pengine mama anayepiga kinanda ibadani na kuongoza kikundi cha maigizo wakati wa kiangazi. Mbunge anaweza kuvutiwa na kipaji cha mtu yeyote, lakini kalamu anaishika akiongea na mtu anayeweza kumpigia kura au kumnyima.

Tuliangalie kundi moja la namna hiyo likiwa kazini. Watu wanne wamesimama koridoni. Hawajagonga mlango bado, wanagawana kazi: nani atafungua mazungumzo, nani atasimulia, nani ataomba, nani atanyamaza na kuandika. Wakiingia, anayefungua anataja jina lake na mji anaoishi kabla hajataja anafanya nini. Kisha anashukuru, na shukrani hiyo lazima iwe ya kitu halisi: kura fulani ya mwaka uliopita, au siku mbunge alipofika kwenye maonyesho ya shule akakaa mpaka mwisho. Shukrani ya kupaka mafuta inajulikana mara moja, maana wanasiasa wanaitumia wenyewe kila siku.

Anayesimulia ana dakika tatu. Hapa wasanii wengi hutoka jasho. Mtu aliyezoea kupewa jukwaa saa mbili anatakiwa asimulie kisa kimoja, tena cha mtu mwingine: kijana mwenye kigugumizi aliyeanza kuzungumza darasani baada ya mwaka mmoja wa kwaya, au mkahawa wa mtaa mkuu ambao usiku wa maonyesho hujaa hadi meza za nje. Haruhusiwi kueleza sanaa ni nini, wala inaifanyia nini roho ya binadamu. Mbunge hakukaa pale kubishana kuhusu roho. Anataka kujua kama mambo haya yapo kwake, na kama watu wake wanayajali.

Kisha linakuja ombi. Moja tu. Lina namba ya muswada, lina kiasi cha fedha, na linaishia kwenye swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana: mheshimiwa, utatuunga mkono? Baada ya hapo kundi zima linanyamaza. Nadhani hiki ndicho kipengele kigumu kuliko vyote. Ukimya ukizidi kidogo, mtu asiye fundi anaogopa na kuanza kuujaza kwa maelezo, na maelezo hayo humpa mbunge njia ya kulikwepa swali. Fundi anaacha ukimya ukae hadi mwenye ofisi aujaze mwenyewe.

Jibu likiwa hapana, hakuna kubishana. Wanauliza ni kitu gani hasa kinachomsumbua, wanaandika, wanashukuru. Mwakani watarudi na jibu la sababu hiyohiyo aliyoitaja, na atashangaa kwamba kuna mtu aliyeikumbuka. Akiuliza kitu wasichokijua, wanasema hawajui na kuahidi kumletea jibu. Ahadi hiyo ni mlango wa kurudia wiki ijayo. Wanaacha karatasi moja, upande mmoja, yenye majina ya miji ya eneo lake, na kiasi kilichofika katika kila mji. Mbunge akiwa hayupo na wakapokewa na msaidizi wa umri wa miaka 24, hawanung'uniki, wala hawafupishi maelezo. Huyo kijana ndiye atakayeandika muhtasari usiku, na baada ya miaka kadhaa huenda kiti kile kikawa chake.

Wasomaji wa Kenya waliowahi kuketi kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti wataitambua tofauti ya ombi moja na malalamiko mengi. Vifungu vya 118 na 119 vya Katiba ya 2010 vimempa kila raia nafasi ya kusikilizwa na haki ya kupeleka ombi bungeni. Nafasi ipo kwa maandishi. Anayesimama na kulalamikia mambo saba kwa pamoja hupigiwa makofi na wenzake, na karani anabaki hana la kuandika. Anayetaja kasma moja na kiasi kimoja anamlazimisha karani kuandika.

Ukitaka kuona ustadi huu ukiwa umekamilika kwa mtu mmoja, tazama filamu ya kikao cha kamati ndogo ya Seneti ya Marekani cha tarehe 1 Mei 1969. Utawala wa Nixon ulitaka kukata kwa nusu dola milioni 20 zilizokuwa zimependekezwa kwa utangazaji wa umma. Mwenyekiti, John Pastore wa Rhode Island, alikuwa mkali na alishachoka kusomewa hotuba ndefu. Akaitwa Fred Rogers, mtangazaji wa kipindi cha watoto kutoka Pittsburgh, ambaye Pastore hakuwa amewahi kukiona kipindi chake.

Rogers alikuwa na hotuba yake iliyoandikwa. Aliiweka kando, akasema anaamini seneta ataisoma kama alivyoahidi, na kwa sentensi hiyo moja alimheshimu mzee na kumfunga kwa ahadi yake. Kisha akaitaja fedha kwa namna ambayo hata mtoto angeielewa: kipindi chake kilianza kwa bajeti ya dola 30, sasa kinatumia dola 6,000, na kiasi hicho hulipia chini ya dakika mbili za katuni. Hakusema fedha hazitoshi. Aliweka vipimo viwili mezani na kumwachia msikilizaji apime. Akazungumzia watoto na hasira, jinsi mtoto anavyoweza kufundishwa kwamba hisia zake zinasemeka na kwamba anaweza kujizuia akiwa katikati ya kosa. Akaomba ruhusa ya kusoma maneno ya wimbo wake mmoja, akayasema taratibu, bila kuimba. Dakika zipatazo sita zilipoisha, Pastore alikuwa amekwisha kusema kwamba mwili umemsisimka, na akamalizia kwa kumwambia kuwa inaelekea ameshazipata hizo dola milioni 20.

Watu wengi huitazama filamu hiyo wakasifu upole wa Rogers. Upole ulikuwepo, lakini mimi huangalia kilichoachwa. Hakuwashambulia waliotaka kukata fungu. Hakuzungumzia uhuru wa vyombo vya habari, wala hakudai kwamba televisheni ya umma itaokoa taifa. Alikuja na mtoto mmoja, gharama moja na ombi moja, na alijua nani aliyeketi mbele yake.

Mwaka huohuo wa 1969, Nancy Hanks alikabidhiwa Mfuko wa Taifa wa Sanaa wa Marekani, ulioanzishwa kwa sheria aliyoitia saini Lyndon Johnson mwaka 1965. Huyu naye hakuwa mzungumzaji wa kuwasha umati. Nguvu yake ilikuwa miguu: aliwatembelea wabunge mmoja mmoja ofisini kwao, wa chama chochote, akajua nani ana bendi ya vijana katika mji wake na nani ana ukumbi wa zamani unaoporomoka. Alikuta bajeti ya chini ya dola milioni 10. Alipoondoka mwaka 1977 ilikuwa karibu milioni 100.

Alichokiona Hanks ni kwamba fedha zikibaki New York na Los Angeles, wakati wa shida zitatetewa na wabunge wa New York na Los Angeles peke yao. Basi ruzuku ikasambazwa. Kila jimbo lina halmashauri yake ya sanaa, na asilimia 40 ya fedha za ruzuku za Mfuko huo hupitia kwenye halmashauri za majimbo na za kanda. Kuna wanaodharau mgawanyo huu, wakisema unatawanya fedha kwa vikundi vidogo badala ya kuzipeleka kwa wasanii bora. Siwaungi mkono. Kwaya ya mji wa watu 3,000 ni sanaa sawa na opera ya jiji, na kwa kuwa ipo, kuna mtu wa kupanda basi kwenda kumwona mbunge wa mji huo. Mgao wenyewe unazaa watetezi wake.

Gharama ya kuusahau ufundi huu ilionekana miaka ya 1989 hadi 1997. Picha za Andres Serrano na Robert Mapplethorpe, zilizoonyeshwa katika maonyesho yaliyoguswa na ruzuku ya Mfuko, ziliwakasirisha waumini wengi, na Seneta Jesse Helms wa North Carolina akaibeba hasira hiyo hadi bungeni. Upande wake ulijua kazi: barua za wapiga kura zilimiminika kutoka kila eneo. Upande wa wasanii ulijibu kwa makala kuhusu uhuru wa kujieleza, nyingi nzuri na za kweli, zikasomwa na watu waliokwisha kukubaliana nazo. Mbunge wa eneo la vijijini aliyetaka kuutetea Mfuko alitazama meza yake akakuta rundo moja la barua za wapiga kura wake, zote za upande mmoja. Bajeti ikaporomoka kutoka dola milioni 162 mwaka 1995 hadi milioni 99.5 mwaka 1996, na ruzuku nyingi za msanii mmoja mmoja zikafutwa. Julai 1997, kura ya utaratibu iliyofungua njia ya kuufuta Mfuko kabisa ilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa 217 dhidi ya 216. Seneti ndiyo iliyounusuru.

Kura moja. Nimewahi kujiuliza mbunge gani kati ya wale 217 angeweza kubadili mawazo kama wiki ile angepigiwa simu na mwalimu wa ngoma wa mjini kwake.

Somo lilieleweka. Katikati ya Machi 2017 utawala wa Trump ulipopendekeza Mfuko huo ufutwe kabisa, siku chache baadaye watetezi wa sanaa kutoka pande zote za nchi walikuwa wakitembea kwenye korido za Bunge mjini Washington. Ratiba hiyo ilipangwa muda mrefu kabla ya tangazo, kwa sababu safari hizi hufuata kalenda ya fedha. Rais hupendekeza, lakini Bunge ndilo linaloandika tarakimu. Na majira ya Machi na Aprili ndipo wabunge wanapopeleka maombi yao kwenye kamati ndogo inayoushughulikia Mfuko. Ukifika Januari, hakuna aliyeanza kuhesabu. Ukifika Julai, hesabu imefungwa na utapewa kahawa na pole. Mtetezi mzoefu anaijua kalenda hiyo kama mvuvi anavyojua bamvua na maji mafu.

Waliingia ofisi za vyama vyote viwili na karatasi zao za upande mmoja, kila moja ikionyesha ruzuku zilizofika katika eneo husika, maana Mfuko ulijitahidi kulifikia kila eneo la uchaguzi kati ya yale 435. Mbunge wa Alaska aliona vijiji vya Alaska, wa Kentucky akaona wilaya za Kentucky. Bunge lile, lililoongozwa na chama cha rais mwenyewe, halikuufuta Mfuko. Liliupa dola milioni 150 kwa mwaka 2017 na milioni 152.8 kwa 2018, zaidi kidogo ya ulichokuwa nacho. Kufikia 2023 zilikuwa milioni 207. Sidai kwamba ziara za wananchi peke yake zilileta tarakimu hizo; kamati zina mambo yake, na wenyeviti wake pia. Lakini mwenyekiti anayetaka kutetea fungu anahitaji sababu ya kumwonyesha jirani yake wa kiti, na sababu hiyo hutoka kwa watu wa huko kwao.

Nirudi Minnesota, kwenye sehemu ninayoiona kuwa ya kifundi zaidi katika habari hii yote: wasanii walivyokubali kuketi na wawindaji.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Seneta Bob Lessard, mtu wa misitu ya kaskazini, alianza kusukuma wazo la kutenga sehemu ya kodi ya mauzo kwa ajili ya uwindaji na uvuvi. Missouri ilikuwa imefanya jambo la namna hiyo tangu mwaka 1976. Muswada ulikuja na kuzama, ukaja tena na kuzama tena. Mwaka 2005 maelfu ya wawindaji wa bata na wapenda maziwa walikusanyika mbele ya jengo la Bunge, St. Paul, kulalamikia ardhi oevu iliyokauka na maji yaliyochafuka. Walikuwa na umati na hasira ya haki, ila kura za vijijini peke yake zisingetosha kuvuka ile nusu ya wapiga kura wote. Wasanii, kwa upande wao, walikuwa na nguvu mijini, na walijua kwamba wakisimama peke yao na ombi la kodi, swali lao litarukwa na nusu ya jimbo.

Muungano wa watu hawa haukuwa rahisi. Wapo wawindaji waliouliza hadharani kwaya inahusiana nini na bata. Nadhani wapo wasanii waliojiuliza vivyo hivyo kimyakimya. Wangeweza kutafuta hoja ya kifalsafa ya kuunganisha ziwa na opera, na hoja hiyo ingewachosha wote. Badala yake waligawana kwa tarakimu: asilimia 33 maji safi, asilimia 33 makazi ya wanyamapori, asilimia 14.25 hifadhi na njia, asilimia 19.75 sanaa na urithi wa utamaduni. Nikiitazama hiyo robo ya asilimia iliyokatwa upande mmoja na kuongezwa mwingine, naona saa nyingi za watu kuketi meza moja, kila mmoja akijua ndugu zake nyumbani watamuuliza kwa nini ameachia. Wasanii walitoka na chini ya moja ya tano. Waliichukua, wakaenda kuipigania sehemu ya bata kwa nguvu ileile.

Kiwango cha kodi nacho kilipimwa kwa uangalifu: thumuni tatu za asilimia moja. Anayenunua kitu cha dola 100 anaongeza senti 37 na nusu. Vyakula vingi vya nyumbani na nguo havitozwi kodi ya mauzo huko Minnesota, kwa hiyo hakuna mama aliyeambiwa kwamba mkate wa wanawe utapanda bei kwa ajili ya jumba la maonyesho. Na njia yenyewe ya katiba ilikuwa na faida yake. Gavana wa wakati huo, Tim Pawlenty, alikuwa ameahidi kutoongeza kodi, na turufu ya kukataa miswada ilikuwa mkononi mwake. Marekebisho ya katiba huko hayahitaji saini ya gavana. Bunge likikubali, swali linakwenda moja kwa moja kwa wananchi. Kwa hiyo kazi yote ya ushawishi ilielekezwa kwa wale wabunge 201, na haikuombwa kodi kutoka kwao. Waliombwa wakubali tu wananchi waulizwe. Mbunge anayeogopa kodi anaweza kulitoa jibu hilo na bado akatazamana na wapiga kura wake. Februari 2008 mabaraza yote mawili yakakubali.

Na baada ya ushindi, kazi ikaongezeka. Hili huwashangaza wanaodhani kwamba kitu kikishaingia kwenye katiba basi kimelindwa. Fedha za fungu la sanaa, makumi ya mamilioni ya dola kila mwaka, hazitiririki zenyewe. Bunge huzigawa kila baada ya miaka miwili, na kila mgao ni muswada mpya wenye wawaniaji wengi. Katiba inasema fedha hizo ziongezwe juu ya zile za kawaida wala zisichukue nafasi yake, lakini maneno hayo yanafanya kazi pale tu kunapokuwa na mtu ndani ya chumba cha kamati wa kuyasoma kwa sauti. Halmashauri ya sanaa ya jimbo na mabaraza 11 ya sanaa ya kanda hupeleka ruzuku hadi pembe za mbali, na waliopokea ndio wanaoandika barua za shukrani kwa wabunge wao, kwa mkono, wakitaja idadi ya watoto na jina la ukumbi. Barua ya namna hiyo ikifika mwezi ambao hakuna ombi lolote mezani, ina uzito ambao barua ya mwezi wa bajeti haiwezi kuwa nao.

Kodi hiyo inakoma mwaka 2034. Ikitakiwa iendelee, Bunge litaombwa upya na wananchi wataulizwa upya, na swali litakaloachwa wazi litahesabiwa hapana kama zamani. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya Novemba 2008 atakuwa mtu mzima wa miaka 25, aliyekulia kwenye jimbo lenye fedha hizi na asiyejua kwamba kuna mtu aliyewahi kuziomba. Wabunge wengi waliokubali mwaka 2008 hawamo tena. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya anayetaka kura hiyo ipite inampasa kujua tangu sasa jina la mwenyekiti wa wavuvi wa wilaya yake, na kwenda kukaa naye kabla barafu ya ziwa haijayeyuka na msimu wake haujaanza.